Kabla ya Friji: Wasiotajwa Majina Waliotufundisha Kutunza Vitamu Kwenye Joto

Leo tunaongelea keki, ila tunaanzia mnadani.

Mwezi wa nane mwaka 2021, huko Uingereza, kipande cha keki ya harusi kiliuzwa kwa pauni 1,850. Sio keki nzima jamani, kipande. Na sio keki ya juzi. Ilikuwa ya harusi ya mwaka 1981, mtoto wa malkia alipomuoa binti ambaye baadaye dunia nzima ilikuja kumlilia. Majina siweki, mnawajua. Kipande kilikuwa kimehifadhiwa kwenye kopo la zamani la keki kwa miaka 40, na waliokiuza walitahadharisha kabisa kwamba sio cha kula.

Wengi habari kama hii wanashangaa bei. Mimi nilishangaa kingine. Inakuwaje kipande cha keki kinafika miaka 40 kikiwa bado na umbo lake, halafu keki ya krimu ukiichukua Kariakoo saa nne asubuhi, saa saba mchana ukiwa bado kwenye daladala ya Mbagala imeshalala upande kama mtu aliyechoka na maisha?

Jibu ni kwamba kile kipande hakikuwa na ule ulaini tunaoufikiria sisi tukisikia neno keki. Karibu chote kilikuwa sukari ngumu ya kupambia na lozi zilizosagwa na sukari. Sukari ndo iliyokilinda. Na siri hiyo watu wa pwani yetu wanaifanyia kazi tangu enzi na enzi, kwenye joto kali kuliko la Uingereza, bila waya wa umeme. Shida ni moja tu: hakuna aliyeandika majina yao.

Kwa hiyo leo nafanya makusudi. Wakubwa wenye majina kwenye vitabu sitawataja. Zamu ya leo ni ya wasiotajwa.

Joto ni adui, ila maji ndo msaliti

Kwanza tuelewane kitu kidogo. Watu wengi tunaamini chakula kinaharibika kwa sababu ya joto. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kinachoharibu chakula ni viumbe wadogo wasioonekana, bakteria na ukungu, na hao wanahitaji vitu viwili vikubwa: joto linalowafaa na maji ya kunywa. Joto la Dar, Tanga, Mombasa au Unguja mwezi wa pili huwezi kulizuia. Lakini maji unaweza kuyaficha.

Sukari ikiwa nyingi inayashika maji yaliyomo kwenye chakula na haiyaachii. Bakteria yupo pale pale, maji anayaona, ila hawezi kuyapata. Ndo maana jamu nzuri huwa na sukari ya kama asilimia 65, na ndo maana asali inakaa miaka kabatini. Njia nyingine ni kuyafukuza maji kabisa, kwa kuoka mpaka kitu kikauke, kukaanga, au kuchemsha mpaka mvuke wote utoke. Samli ni siagi iliyochemshwa mpaka maji yameisha na masalia ya maziwa yameondolewa. Siagi ya kawaida inachacha mapema, samli inakaa.

Ukishalielewa hilo, ukiangalia sinia la vitamu la bibi yeyote wa pwani utaona kitu kingine kabisa. Utaona mtu aliyepiga hesabu zake.

Pwani walikuwa na friji, ila ilikuwa ndani ya mapishi

Mwaka 1331 msafiri mmoja maarufu kutoka Morocco alipita kwenye pwani hii ya Afrika Mashariki, akashuka Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Huko Mogadishu alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, na pembeni ndimu na maembe yaliyohifadhiwa, yaani achari. Msafiri jina lake limebaki mpaka leo. Aliyepika ule wali na kutia ile achari, hakuna anayemjua. Lakini angalia alichoweka mezani: samli na achari, vitu viwili vilivyotengenezwa vikae. Karibu miaka 700 iliyopita.

Kila mwaka upepo wa kaskazi, ule unaovuma kuanzia kama Desemba mpaka Machi, ulikuwa unaleta majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba. Ndani kulikuwa na makanda ya tende. Tende imejaa sukari yake yenyewe, kwa hiyo ilivumilia wiki nyingi baharini, juani, ikafika bado ni tende. Na kumbuka kaskazi ndo msimu wetu wa joto kali. Yaani mzigo mtamu ulikuwa unaingia bandarini wakati mbaya kuliko wote wa kutunza vitamu, na haukuharibika.

Halafu ikaja halua. Hapa udugu wetu na Oman uko wazi, hasa baada ya sultani wa Oman kuhamishia makao yake Zanzibar kwenye karne ya 19. Halua ni sukari, samli, wanga, maji, iliki, zafarani na karanga au lozi. Inapikwa kwenye sufuria kubwa la shaba, mtu anakoroga saa na saa bila kupumzika. Wengi tunadhani anakoroga isishike chini. Sawa, ila kuna kazi nyingine inaendelea: maji yanaondoka, yaliyobaki yanafungwa na sukari na wanga, na samli inazunguka kote. Ikitoka hapo, halua haihitaji baridi. Ukiifunga vizuri inakaa wiki nyingi kabatini. Ndo maana ikawa zawadi ya safari. Mtu anaondoka Unguja anakwenda Muscat au anarudi Mombasa, amebeba halua, hana wasiwasi.

Sasa njoo kwa kina mama majumbani, maana hapa ndo utamu wenyewe ulipo.

Visheti. Unga unakandwa kwa samli au mafuta, unakatwa, unakaangwa mpaka uwe mkavu hasa, kisha unamiminiwa shira nzito. Shira ikipoa inaganda juu kama koti jeupe la sukari. Kavu ndani, sukari nje. Ukivitia kwenye kopo lenye kifuniko, vinasubiri wageni wa Idi wiki kadhaa.

Vileja. Unga wa mchele, samli, sukari, iliki, vinaokwa. Maji hakuna. Ukikitafuna kinavunjika kama mchanga, na huo ukavu ndo ulinzi wake.

Kashata. Karanga au nazi ndani ya sukari iliyochemshwa mpaka ikolee, wengine wanatumia sukari guru. Ya karanga inakaa sana. Ya nazi inategemea umeikausha kiasi gani, maana nazi ina maji na mafuta yake, ukiiacha laini inachacha haraka. Muulize muuza kashata yeyote aliyekaa kwenye kazi, atakwambia za kuuza leo na za kusafirisha hazipikwi sawa.

Kaimati. Hizi ni laini, zina chachu, zinachovywa kwenye shira na kuliwa. Hazikuwahi kuwa kitu cha kuweka. Zinapikwa jioni, zinaliwa jioni, hasa mwezi wa Ramadhani. Sahani ya jirani mmoja inakwenda, ya jirani mwingine inarudi, na usiku ukiingia hakuna kilichobaki. Kumbe hata kugawa ni njia ya kutunza. Kisichoweza kulala, kinagawiwa.

Unaona mpangilio ulivyo? Cha kuweka kimepikwa kiwekwe. Cha kula leo kimepikwa kiliwe leo. Hawa watu hawakuwa na kipimajoto wala hawakusoma kitabu cha bakteria. Walikuwa na ulimi, pua, na mama zao waliowaambia "hiki kitachacha".

Vyombo navyo vilikuwa na akili

Baada ya kupika, kulikuwa na vita nyingine: sisimizi, panya, paka, nzi na unyevu.

Kwenye nyumba za pwani kulikuwa na susu, kile kikapu au wavu wa kamba unaoning'inizwa darini. Kitu kikiwa juu ya susu, panya hakifikii, na hewa inapita pande zote. Kulikuwa na kawa la ukili la kufunikia sinia, nzi hapiti ila mvuke unatoka. Hilo la mvuke ni muhimu. Ukifunika kitu cha moto kwa kifuniko kisichopumua, mvuke unarudi kuwa maji, na yale maji uliyohangaika kuyafukuza yamerudi nyumbani.

Baadaye likaja kabati la wavu, ambalo wengine bado mnalo kwa bibi zenu. Miguu yake minne imesimama ndani ya vikopo vinne vya maji. Ukiwa mtoto unadhani ni urembo. Ule ni mtaro wa ngome, sisimizi anafika ukingoni anageuza. Na juu ya kabati, kopo kubwa la bati la biskuti ambalo biskuti zake ziliisha zamani. Tunacheka mitandaoni kwamba ukilifungua unakuta uzi na sindano, lakini kabla ya uzi na sindano lilikaa vileja na visheti miaka mingi. Bati linalofunga vizuri linazuia unyevu, na unyevu wa pwani ndo unaolainisha kila kilicho kikavu.

Wakati huo huo, wenzetu walikuwa wanabeba barafu

Nchi za baridi zilikwenda njia nyingine. Mwaka 1833, mfanyabiashara mmoja wa Boston, Marekani, alipakia kama tani 180 za barafu iliyokatwa kwenye maziwa yaliyoganda, akaifunika kwa vumbi la mbao, akaipeleka kwa meli mpaka Calcutta, India. Safari ilichukua miezi minne, ikavuka ikweta mara mbili. Zikafika kama tani 100. Hakuna mashine, ni vumbi la mbao tu!

Mwaka 1851 daktari mmoja wa Florida, sehemu yenye joto kama letu, alipata hataza, yaani haki rasmi ya ubunifu, kwa mashine yake ya kutengeneza barafu. Alikuwa anataka kupoza vyumba vya wagonjwa wa homa. Watu hawakumuamini, pesa zikamuishia, akafa 1855 akiwa hana kitu.

Mwaka 1856 Mmarekani mwingine akapata hataza ya kugandisha maziwa kwa kuyapunguza maji. Yale maziwa ya kopo yenye sukari tunayomimina kwenye chai yametoka huko. Sasa hebu yatazame vizuri: maji yamepunguzwa, sukari imeongezwa, yanakaa bila friji. Si ndo shughuli ile ile ya mpika halua? Tofauti ni kwamba mmoja alipewa karatasi yenye jina lake, na mwingine alipewa "ahsante, halua tamu".

Friji za umeme za majumbani zilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1910, na kuanzia miaka ya 1920 zikawa kitu cha kawaida zaidi kule. Kwetu zilichelewa, na mpaka leo nyumba nyingi hazina.

Friji ilibadilisha keki yenyewe

Hapa ndo kiini cha stori yote. Keki sio ngeni kwetu. Pwani kuna mkate wa mayai: mayai na sukari vinapigwa mpaka viumuke, unatiwa unga na iliki, unaokwa kwa makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Hauna krimu, hauna maziwa, hauna siagi ya kuyeyuka. Umepikwa na mtu anayejua kesho kutakuwa na jua.

Keki ya krimu ni mtoto wa friji. Imebuniwa kwenye majiko ambayo baridi ipo muda wote. Siagi inaanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto kama 32 mpaka 35, yaani hali ya hewa ya kawaida ya Dar mchana wa Februari. Krimu ya maziwa ndo kabisa, inataka baridi kutoka inapopigwa mpaka inapoliwa. Sisi tukaichukua keki kwenye picha, tukaipenda, haki yetu. Ila tuliichukua bila ile baridi yake.

Anayeumia ni nani? Ni yule dada anayeoka nyumbani na kuuza kupitia WhatsApp. Amelala saa tisa usiku anapamba. Mteja anaichukua, anaipitisha saluni, anaiacha kwenye gari lililopaki juani, ukumbini inawekwa mezani saa kumi, inakatwa saa tatu usiku. Ikimwagika, au mtoto akiumwa tumbo, anayeposti malalamiko anaweka picha ya keki na namba ya mpishi. Masaa matano ya mezani hakuna anayeyaposti.

Miezi mitatu ya giza Unguja

Ukitaka kujua friji ni rafiki wa aina gani, kumbuka Zanzibar. Kisiwa cha Unguja kinategemea umeme kutoka bara kwa waya unaopita chini ya bahari. Mwezi wa tano mwaka 2008 umeme ulikatika, ukarudi mwezi wa sita, karibu mwezi mzima. Halafu Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii ulirudi Machi 2010. Miezi mitatu! Na angalia tarehe zenyewe: Desemba mpaka Machi, kaskazi tupu, joto juu ya joto.

Miezi ile, asiye na jenereta friji yake ilikuwa kabati. Krimu, maziwa, aiskrimu, vyote vilihitaji mafuta ya jenereta kila siku. Halua haikuhitaji kitu. Visheti havikuhitaji kitu. Mapishi ya watu wasio na majina yalikuwa yameshajibu tatizo hilo kabla waya haujatandikwa.

Sisemi friji haina maana, friji inaokoa maisha. Nasema tusiite "ya kizamani" elimu ambayo umeme ukikatika ndo inayobaki imesimama.

Sasa leo, jikoni kwako

Tuchukue ya bibi na ya friji, tuyaweke pamoja.

Vikavu (visheti, vileja, kashata za karanga, biskuti): usiviweke kwenye friji. Viache vipoe kabisa, tia kwenye kopo linalofunga hasa, weka kivulini mbali na jiko. Usichanganye na keki laini kopo moja, maana ukavu utavuta maji ya keki na vyote viwili vitaharibika.

Keki kavu isiyo na krimu: ikishapoa, ifunge vizuri, iweke sehemu yenye ubaridi, iliwe ndani ya siku mbili hivi. Wengi tunakimbilia friji, na hapo ndo inakuwa ngumu kama sponji la zamani. Tangu mwaka 1852 mtaalamu mmoja wa Ufaransa alishaonyesha kwamba mkate unachakaa hata ukizuiwa usipoteze maji. Wanga wenyewe unakakamaa, na baridi ya friji inauharakisha. Ukitaka iishi muda mrefu, ifunge vizuri uigandishe kabisa kwenye friza. Siku ya kula iache iyeyuke ikiwa bado imefungwa, maji yatue kwenye mfuko, sio kwenye keki.

Keki yenye krimu, kastadi, jibini au matunda yaliyokatwa: hii ni ya friji moja kwa moja, nyuzijoto 5 kushuka chini. Shirika la Afya Duniani linasema chakula cha kuharibika kisikae nje zaidi ya saa mbili. Marekani wanashauri iwe saa moja tu joto likizidi nyuzijoto 32, na hapo ndo kwetu. Usijidanganye kwamba kama haijanuka ni salama, kuna bakteria wanaacha sumu isiyo na harufu, na hata ukipasha moto haitoki. Itoe karibu na muda wa kukata, MC apige stori zake keki ikiwa ndani.

Keki iliyofunikwa kwa fondanti: fondanti ni sukari, yenyewe joto inalistahimili kuliko krimu. Tatizo ni unyevu. Ukiitoa kwenye friji inatoa jasho, rangi zinachuruzika. Iache ndani ya boksi lake mpaka ipoteze ubaridi taratibu, ndo ufungue.

Umeme ukikatika: usifungue friji kila dakika kuchungulia. Ikibaki imefungwa inashika baridi kama saa nne. Friza iliyojaa inaweza kufika siku mbili.

Na kama shughuli ni ya uwanjani, mchana, mwezi wa pili, ukumbi hauna AC? Mwambie mwokaji ukweli tangu siku ya oda. Atakushauri kitu kinachovumilia jua. Au fanya walivyofanya wenzetu: weka keki ndogo ya kukata, na wageni wape visheti, vileja na halua. Hakuna atakayeumwa na hakuna kitakachomwagika.

Jina moja tu

Yule mfanyabiashara wa barafu ana vitabu vyake. Daktari wa Florida amejengewa sanamu. Hata kipande cha keki cha 1981 kina karatasi inayosema kilikuwa cha nani. Lakini mwanamke wa kwanza aliyegundua kwamba shira ikivuta uzi inatengeneza koti la kulinda visheti, huyo hana hata herufi moja.

Huyo wa kwanza hatutampata tena. Ila wa mwisho tunao, wengine wako hai, wamekaa ukumbini sasa hivi wanaangalia tamthilia. Mpigie simu. Muulize anajuaje shira imeiva, na za kusafirisha anazipikaje. Mrekodi hata kwa simu yako hiyo hiyo, kabla haijawa "bibi alikuwa anajua kutengeneza".

Halafu shuka kwenye komenti uandike jina lake, alipotokea, na kitamu alichokuwa anakiweza kuliko mtaa mzima. Tuanze orodha.